Stempu za Kambo

Nikianza na alikozaliwa nitakuwa nimerudia kosa la wengine, kwa hiyo naanza na mikono yake. Ilikuwa mikavu, yenye harufu ya sabuni ya mche, na kabla ya kugusa kitu anachokipenda aliinawa hadi kwenye viwiko. Alifanya hivyo kwa watoto wachanga katika hospitali ya misheni kule Kibondo, kisha kwenye zahanati yetu ya Makere. Alipostaafu aliendelea kufanya hivyo kwa wafalme.

Wafalme walikaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Walikuwa wamepangwa kati ya kurasa za kalenda za kanisa, kila mmoja kwenye mraba wake wa karatasi, na ukifungua kopo ulikutana na mataji, farasi, shela za maharusi na ndevu zilizochanwa vizuri. Mtu asiyejua angesema ni stempu. Zilikuwa na meno pembeni kama stempu, na uso katikati kama stempu. Ila hazikuwa na bei, na hakuna posta ambayo ingezikubali.

Tulimwita Mkunga. Padri alimwita Mkunga, muuza dagaa alimwita Mkunga, na mama yangu, ambaye ni mtu wa kuuliza habari za kila mgeni mpaka ukoo wa tatu, naye alimwita Mkunga tu. Ana jina. Sitaliandika hapa, na sababu yake itaonekana.

Habari ya zile stempu ilikuwa hivi. Masista wa Kizungu wa hospitali walikuwa wakipata barua kutoka kwao. Mbele ya bahasha palikuwa na stempu halali, nao walizikata na kuzirudisha Ulaya zikauzwe kwa ajili ya maskini. Nyuma ya bahasha, pale inapofungiwa, ndugu zao walipenda kubandika vipande vya mapambo vilivyochapishwa wakati wa sherehe za wafalme: kutawazwa, harusi, jubilei. Vilitolewa na vyama na maduka, kwa furaha tu. Masista hawakuvihitaji. Mkunga, wakati huo msichana wa kufua mashuka, kabla masista hawajamfundisha ukunga, aliomba apewe migongo ya bahasha.

"Mbele kulikuwa kwa posta," aliniambia. "Nyuma kukawa kwangu."

Aliziloweka kwenye maji ya vuguvugu ndani ya bakuli la hospitali, akazianika juu ya kitambaa, akazikandamiza chini ya Biblia ya masista. Akaziita stempu za kambo. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Mtoto wa kambo humjui? Ana sura kama wenzake, ana nguo kama wenzake. Nyama ikigawanywa haitwi."

Angekuwa anaziweka tu, habari ingeishia kwenye kopo. Lakini alizigawa. Kila mtoto aliyempokea kwa mikono yake alimbandikia mfalme mmoja kwenye kadi ya kliniki, kona ya juu kulia, kwa gundi ya uji wa muhogo. Alikuwa na taratibu zake. Mapacha walipata maharusi. Mtoto ambaye baba yake hakutokea hospitali alipata taji kubwa kuliko wote wa wiki ile. Mtoto aliyezaliwa usiku wa mvua, mama akiwa amebebwa kwa machela toka Kitanga, alipata mfalme mwenye farasi, "kwa sababu na yeye amesafiri." Mimi nilipata malkia mzee mwenye shanga, na mama yangu anasema nilikuwa mtoto wa kawaida kabisa, mwenye kelele.

Gundi ya muhogo ilikuwa tamu kwa mende. Katika nyumba nyingi mfalme alikuwa hana sikio, au amebaki taji bila kichwa. Mkunga hakukasirika. "Mende hana heshima," alisema, "lakini na yeye ana njaa."

Kulikuwa na mmoja ambaye hakumgawa. Alikuwa mkubwa kuliko wengine, wa rangi ya dhahabu, malkia kijana juu ya farasi mweupe. Alikuwa chini kabisa ya kopo.

"Huyu wa nani?" nilimuuliza nikiwa shule ya msingi.

"Wa mtoto wa mwisho."

Mtoto wa mwisho alizaliwa akapewa mwana wa mfalme wa kawaida, Mkunga akastaafu, na malkia akabaki kwenye kopo. Nilipomkumbusha alisema huenda alikosea kuhesabu.

Nilirudi kutoka chuo nikiwa na neno ukoloni mdomoni kama mtu mwenye pipi. Nilikuwa nalihamisha shavu hili na shavu lile. Nilimhoji mwenyekiti wa kijiji kuhusu mapato ya soko, nikamhoji padri kuhusu dhambi ya asili, nikamhoji baba yangu kuhusu mahari, na jioni moja, Mkunga akichambua maharage barazani, nikafika kwa wafalme.

"Mkunga, hawa watu walitutawala."

"Nani?"

"Hawa wa kwenye kopo."

Alichagua jiwe kutoka kwenye ungo akalitupa. "Huyu mwenye shanga? Huyu hajafika hata Kasulu."

"Si lazima afike. Uso wake ulifika. Ndiyo ilivyokuwa, uso unatangulia, wewe unausujudia."

"Mimi nilimsujudia?"

"Ulimbandika kwenye kadi yangu."

"Nilimbandika juu ya mstari wa kilo. Umewahi kuitazama kadi yako? Kila mwezi mnapimwa, kila mwezi yule bibi anatazama kama mwana wa Makere ameongezeka. Hiyo ndiyo kazi niliyompa." Akatikisa ungo. "Mwana wanje, wewe una maswali mengi lakini yote yana majibu tayari. Hayo si maswali, hizo ni hotuba."

Mwana wanje, mwanangu: alituita hivyo sote tuliopita mikononi mwake, hata mtendaji wa kata, mtu mzima mwenye kitambi na mhuri.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtu wa kupenda wakubwa. Msafara wa kiongozi ulipopita barabarani na watu wakaambiwa wasimame wapunge mikono, yeye aliendelea kumenya mihogo akiwa amekaa. Machifu wa zamani wa huku kwetu Buha hakutaka hata kusikia wakisifiwa. Alisema watu waliobeba mizigo yao walikuwa na majina pia. Alikuwa mkali kwa waume, na mume aliyekuja wodini amelewa alifukuzwa kwa ufagio. Lakini mbele ya karatasi ndogo yenye uso wa binti mfalme wa nchi yenye theluji, alilainika kama mama mkwe aliyeletewa kitenge. Niliona haya kwa ajili yake. Rafiki zangu wa chuo walipokuja kutembea, nilipitia njia ya nyuma ili wasikaribishwe kwake wakaonyeshwa kopo.

Aliyemwelewa vizuri, nadhani, alikuwa mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuja sokoni Makere na vitenge kichwani. Alipita kwa Mkunga kunywa maji, na mara mojamoja alileta kitu.

"Mama Mkunga, nilikuletea timbre. Huyu ni mfalme wa Babeleji. Angalia ile ndevu yake."

Mkunga alinawa, akaishika ile stempu ya Wabelgiji kwa kucha. "Ana uso wa mtu aliyekula maharage mabichi."

"Baba yangu alimuogopaka sana, huyu."

"Na wewe?"

"Miye? Miye nilimuchunga ndani ya Biblia, tukakimbia naye. Picha ya baba ilipotea njiani. Huyu hakupotea." Walicheka wote wawili mpaka mama yule akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na sikuona cha kuchekesha.

Sasa nifike kwa Odilia. Ni binti wa Kitanga, yuleyule aliyezaliwa usiku wa mvua akapewa mfalme mwenye farasi. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho cha taifa kabla ya masomo kuanza. Huku kwetu, karibu na mpaka, kitambulisho hakipatikani kwa kusema jina. Unahojiwa. Kiha chetu na Kirundi cha ng'ambo vinasikilizana vizuri mno, na mtu anaweza kuambiwa ni wa kuja kwa sababu ya namna alivyotamka neno maharage. Odilia hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alipeleka kadi ya kliniki.

Ofisa aliyeipokea alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliigeuza kadi, akamwona mfalme na maandishi ya kigeni chini ya kwato za farasi.

"Hii stempu ya nchi gani?"

"Ni ya Mkunga," alisema Odilia.

"Nauliza nchi."

Odilia hakujua. Ofisa akaiweka kadi pembeni akasema inaonekana imetoka nje, alete shahidi wa kuzaliwa kwake, mbele ya kamati ya kata, wiki inayofuata.

Maneno hayo yalifika Makere kabla Odilia hajafika nyumbani. Kufikia Jumapili kila nyumba ilikuwa imetoa kadi sandukuni. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini. Wengine walitumia wembe, wengine kitambaa chenye maji moto, wengine ukucha. Nilimkuta mama amekaa mlangoni na kadi yangu mapajani, na juu ya kanga yake palikuwa na vumbi la karatasi.

"Nimemtoa," alisema. "Sitaki mwanangu aitwe wa kuja."

"Nina kitambulisho tayari, mama."

"Wanaweza kukirudia."

Mimi ningeweza kuleta hotuba. Nilikuwa nazo za kutosha, juu ya mipaka na waliochora mipaka. Lakini nilitazama ule mraba mweupe kwenye kona ya kadi na kitu kifuani kikalegea, kama unapopitwa na mbwa asikubwekee. Hiyo ndiyo aibu ninayokaa nayo. Wafalme niliowapinga kwa vitabu vyote walikuwa wametolewa, nami nilifurahi, na furaha yangu haikuwa na uhusiano wowote na vitabu.

Odilia alikwenda kwa Mkunga na mama yake, wakapiga magoti barazani. Nilikuwepo. Mkunga aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Wataniuliza na mimi?"

Sote tulijua kwa nini anauliza, au tulidhani tunajua. Mkunga hakuwa na ndugu Makere wala Kibondo. Mwaka mmoja hayupo, mwaka unaofuata yupo, anafua mashuka ya masista. Hakuna aliyewahi kumuuliza alitembea kutoka upande gani, na yeye, mtu aliyejua kila kovu la kila mama wa kata hii, hakuwahi kuutaja.

"Nitakuja," alisema. "Nyanyukeni, sakafu ina baridi."

Kamati ilikaa kwenye darasa la shule ya msingi. Mtendaji mbele, ofisa pembeni yake, wazee wa kamati kwenye madawati ya watoto, magoti juu kama panzi. Watu walijaa madirishani. Mkunga alikuja na gauni lake la kanisani, mikono ikinuka sabuni.

"Bibi, hii stempu unaifahamu?" aliuliza ofisa.

"Si stempu. Ni pambo. Niliibandika mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakukuwa na amri. Mtoto alikuwa amefika, na karatasi yake ilikuwa tupu."

Watu madirishani wakacheka, na ofisa mwenyewe akatabasamu. "Sawa. Ulimpokea wewe, hapa zahanati?"

"Kwa mikono hii. Alitanguliza mguu, yule. Muulizeni mama yake."

"Vizuri. Niandike maelezo ya shahidi." Akafunua ukurasa mpya. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafuata mistari iliyo mbele yake. "Na wewe bibi, ulizaliwa wapi?"

Kicheko cha madirishani kikakatika. Nilimtazama mtendaji, alikuwa anachunguza mhuri wake. Nilimtazama mwenyekiti, nikamtazama mama yangu, ambaye alikuwa anafunga kanga iliyokuwa imefungwa tayari. Mimi, ninayeuliza kila kitu, ningeweza kusimama nikauliza swali hilo linahusu nini mtoto wa Kitanga. Nilikuwa nimekaa dawati la pili.

Mkunga alinyoosha gauni magotini.

"Nilizaliwa mahali ambapo mkunga hakufika," alisema.

"Nauliza mahali penyewe, bibi."

"Ndipo hapo."

Ofisa akaweka kalamu. Akasema kwa upole kwamba shahidi lazima na yeye ajulikane, vinginevyo maelezo yake hayamsaidii binti. Mama yake Odilia akaanza kulia bila sauti. Hapo ndipo mtendaji, bila kumtazama mtu, alipotoa kadi kuukuu kwenye mfuko wa shati lake, akaiweka mezani.

"Hii yangu," alisema. "Alinipokea Kibondo, mama yangu akiwa bado anaishi Kumsenga. Tazama kona."

Kwenye kona hakukuwa na mfalme. Kulikuwa na mraba mweupe uliokwanguliwa.

"Leteni zenu," alisema mtendaji.

Watu walizileta. Kila mmoja alikuwa amekuja nayo, imekunjwa kwenye kanga, kwenye Biblia, ndani ya kofia, kwa hofu kwamba atahojiwa na yeye. Zikapangwa mezani moja baada ya nyingine, nikaenda na mimi nikaweka yangu. Kona ileile, ukubwa uleule, madoa yaleyale ya uji wa muhogo. Ofisa aliziweka sambamba na kadi ya Odilia, akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema hajawahi kuona alama kama hiyo mahali pengine popote, na kwamba kadi hii, kwa maoni yake, haikutoka nje. Ilitoka hapahapa. Akaomba mhuri.

Odilia alipita. Yuko chuoni sasa.

Lakini wakati mhuri unapigwa, Mkunga alikuwa amesimama karibu na meza. Hakujua. Katika siku zile zote hakuna aliyekuwa amemwambia. Alitembeza kidole chake juu ya miraba ile, mmoja mmoja, taratibu, kama anavyopapasa tumbo kutafuta kichwa cha mtoto.

"Hata mapacha," alisema.

Kidole kilifika kwenye kadi yangu kikasimama. Hakuniangalia usoni. Nadhani hilo lilikuwa jambo la huruma, au pengine hakutaka kuniona, na sijathubutu kutafuta jibu. Alitoka kabla mama yake Odilia hajafika kumshukuru. Tulimpisha njia mlangoni, watu wote aliowahi kuwashika miguu kichwa chini, tukitazama sakafu.

Ofisa aliondoka na daftari lake, na ukurasa wa shahidi ulikuwa na jina la Mkunga na mstari mmoja mtupu, ule wa mahali pa kuzaliwa. Hawajarudi kumuuliza. Huenda hawatarudi. Lakini ndiyo maana hapa hana jina, na ndiyo maana, ingawa siku hizi najua zaidi ya nilivyojua, sikuanza na alikozaliwa.

Baada ya siku ile watu walimpelekea vitu: mkungu wa ndizi, kuni, debe la maharage. Walivipeleka asubuhi mapema akiwa kanisani, wakaviacha barazani, ili wasikutane naye. Mama alipeleka kuku. Mimi sikuwa na cha kupeleka, na kwa muda nilikuwa napita njia ya nyuma, ileile niliyowapitisha rafiki zangu.

Nilikwenda mwishowe siku ya soko, mchana, yule mama Mkongo alipoondoka tu. Mkunga alikuwa mezani, na sufuria ndogo ya uji wa muhogo ilikuwa inapoa karibu yake. Kopo lilikuwa wazi.

"Mwakeye," nilimwamkia.

"Mwakeye. Nilidhani umehamia Dar es Salaam."

"Nipo."

"Najua upo. Nasikia hotuba zako hadi huku. Siku hizi zimepungua."

Mbele yake palikuwa na kadi ya kliniki ya zamani, ya aina ambayo haitolewi tena, haijawahi kutumika. Juu alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa zenye kutetemeka. Kwenye mstari wa kilo alikuwa ameweka nukta moja, chini kabisa, pale wanapoanzia watoto wachanga. Mahali pa kuzaliwa palikuwa patupu. Na kwenye kona ya juu kulia, gundi bado ikimetameta pembeni, alikuwa malkia wa dhahabu juu ya farasi mweupe.

"Wa mtoto wa mwisho," nilisema.

"Amechelewa kidogo. Ametanguliza mguu." Aliisogeza kadi nione vizuri, kalamu ikiwa kando yake, karibu na ule mstari mtupu. "Basi? Wewe mwenye maswali. Huulizi?"

Nilitazama mstari, nikatazama kalamu. Nje yule kuku aliyeletwa na mama yangu, bado hajachinjwa, alikuwa anaparua chini ya dirisha.

"Siulizi."

Akaonyesha kwa kidevu upande mmoja wa malkia, ambako karatasi ilikuwa imeanza kujikunja. "Kona ile inanyanyuka. Vidole vyangu siku hizi havitulii. Ishike mpaka ikauke."

Nikanyoosha mkono. Akaupiga kofi dogo.

"Na mikono hiyo ya barabarani? Kanawe kwanza."

Nikaenda kwenye ndoo, nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikanawa hadi kwenye viwiko. Nikarudi, nikakaa karibu naye, nikaikandamiza ile kona kwa kidole kimoja, na sikukiondoa mpaka aliponiambia.